Swali la Nani, Swali la Nini, na Sekunde Kumi

Nilipoanza kazi katika kitengo cha uzingatiaji wa sheria, malipo yaliyotiliwa shaka yalikuwa yakilala. Ndivyo tulivyosema ofisini: "Yale matatu yamelala, tutayaangalia kesho." Mfumo ulikuwa umeona jina linalofanana na jina lililomo katika orodha ya vikwazo, ukayasimamisha malipo, na sisi tulikuwa na usiku mzima, wakati mwingine pamoja na Jumamosi na Jumapili yake, kutafuta tarehe ya kuzaliwa, kuiandikia benki ya upande wa pili na kuamua kama huyu ndiye yule au wanafanana majina tu. Mteja hakujua kwamba fedha zake zimelala, kwa sababu alikuwa amezoea kusubiri siku moja au mbili kabla malipo hayajafika. Uchelewaji wa kawaida wa benki ulikuwa pazia, nasi tulifanya kazi yetu nyuma yake.

Malipo ya papo kwa papo yameliondoa pazia hilo. Kwa mujibu wa Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 2024/886, fedha lazima ziwe zimeingia katika akaunti ya mpokeaji ndani ya sekunde 10 tangu agizo lilipopokelewa, saa yoyote ya mchana au ya usiku, siku yoyote ya mwaka. Faster Payments ya Uingereza ipo tangu Mei 2008, UPI ya India tangu 2016, Pix ya Brazili tangu Novemba 2020, na FedNow ya benki kuu ya Marekani tangu Julai 2023. Kila mfumo una saa yake na taratibu zake, lakini yote inafanana katika mambo mawili yanayotugusa sisi: haina kesho, na fedha zikishafika, aliyezituma hawezi kuzirudisha kwa amri yake peke yake.

Nimefanya kazi chini ya saa hiyo kwa miaka kadhaa sasa, na nimefikia maoni ambayo wenzangu wengine wanayaona ya kikaidi. Watu huzungumzia "uchunguzi wa malipo" kana kwamba ni kazi moja, ilhali ndani yake mna maswali mawili yasiyofanana hata kidogo. Sheria ya vikwazo huuliza: huyu ni nani? Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu huuliza: amekuwa akifanya nini? La kwanza linaweza kujibiwa mapema, kabla malipo yenyewe hayajazaliwa. La pili aghalabu halijibiki mpaka malipo kadhaa yapite na kuacha nyayo. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili ambalo makao yake ya asili ni ndani ya sekunde kumi, na bado humo ndimo tulimoyarundika yote.

Nianze na swali la nani. Orodha za vikwazo hazijali kiasi cha fedha. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha utaratibu wa azimio 1267 mwaka 1999, na hivi leo Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi zina orodha zao wenyewe juu ya zile za Umoja wa Mataifa. Mtu au kampuni ikishatajwa, mali yake inazuiwa, na hakuna anayeruhusiwa kumpatia fedha, ziwe nyingi au kidogo. FATF, chombo kilichoundwa mwaka 1989 na ambacho huweka viwango vya kimataifa katika uwanja huu, kinataka uzuiaji huo ufanyike bila kuchelewa, na kinafafanua kwamba inavyofaa ni ndani ya saa chache tangu jina litangazwe na Baraza la Usalama. Nchini Marekani, ambako vikwazo husimamiwa na ofisi ya Wizara ya Hazina iitwayo OFAC, taasisi inaweza kutozwa faini hata kama haikujua inamhudumia nani. Uingereza ilifuata njia hiyohiyo kwa adhabu za kiraia kuanzia Juni 2022. Jibu linalotakiwa mwishoni, basi, ni ndiyo au hapana.

Mashine, kwa bahati mbaya, huanza na labda. Jina moja lililotoka katika Kiarabu huzaa ukoo mzima likiandikwa kwa herufi za Kilatini: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mehmet kwa Waturuki, Mamadou katika Afrika Magharibi. Jina la Kirusi lililoandikwa na karani Mfaransa halifanani na lililoandikwa na karani Mwingereza, na jina la Kichina huweza kuanza na la ukoo au kuishia nalo, kulingana na aliyejaza fomu. Ndiyo maana ulinganishaji wa majina hufanywa kwa kukadiria. Kuna njia ya Levenshtein, inayohesabu ni herufi ngapi zinahitaji kubadilishwa, kuongezwa au kuondolewa ili jina moja ligeuke kuwa jingine. Kuna ya Jaro-Winkler, inayoyapa uzito zaidi majina yanayoanza kwa herufi zilezile. Na kuna Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, inayolinganisha sauti badala ya herufi. Chombo cha kutafutia majina ambacho OFAC imekiweka wazi kwa umma hutumia hizi mbili za mwisho kwa pamoja. Mfumo hutoa alama, tuseme 87 kati ya 100, na taasisi huamua alama ipi ndiyo kizingiti cha kupiga kengele. Ukikishusha kizingiti, unawakamata majirani wote wa mshukiwa. Ukikipandisha, unampitisha mshukiwa mwenyewe kwa sababu karani alikosea herufi mbili.

Baadhi ya kengele za bure hazina hata heshima ya kuwa makosa ya kukadiria. Mfumo mmoja niliowahi kuurithi ulikuwa unalitafuta neno Iran popote pale katika maelezo ya malipo, hata likiwa katikati ya neno jingine, na matokeo yake ni kwamba kila mtu aitwaye Miranda alisimamishwa. Ukilitazama jina hilo kuanzia herufi ya pili hadi ya tano utaona kwa nini. Vilevile, katika wilaya ya Gangnam mjini Seoul kuna barabara kubwa iitwayo Teheran-ro, yaani Barabara ya Teheran, mji mkuu wa Iran, iliyopewa jina hilo mwaka 1977, na ambayo imejaa makampuni ya teknolojia na ya fedha. Kampuni yoyote iliyopo hapo ikiandika anwani yake kwa ukamilifu inakuwa imejipigia kengele yenyewe. Hapa ndipo kiwango cha ujumbe wa malipo cha ISO 20022 kinapotusaidia kwa dhati, kwa sababu kinatenga mahali pa barabara, mahali pa mji na mahali pa nchi, na mashine ikijua kwamba Teheran-ro imeandikwa kwenye nafasi ya barabara huku nafasi ya nchi ikisomeka Korea Kusini, haina sababu ya kuhangaika. Lakini hayo hutimia pale tu aliyetuma alipojaza nafasi hizo inavyopasa. Anwani iliyobanwa yote katika mstari mmoja, kama nyingi zinavyotufikia bado, inaturudisha kule kwa Miranda.

Enzi ya malipo yanayolala, kengele ya bure iligharimu saa za mfanyakazi. Katika malipo ya papo kwa papo inagharimu malipo yenyewe. Hakuna binadamu anayeweza kufungua faili, kusoma, kulinganisha na kuamua ndani ya sekunde kumi, tena huku sehemu ya sekunde hizo ikiliwa na safari ya ujumbe kwenda na kurudi. Kwa hiyo taasisi nyingi ziliamua kwamba kengele ikilia, malipo yakataliwe. Na mteja aliyekataliwa hufanya nini? Hujaribu tena. Nimewahi kuona mtu mmoja, mwenye jina la kawaida kabisa, akijaribu mara sita ndani ya dakika nne, kila mara akibadilisha kitu kidogo: mara ameandika jina la kati, mara ameliondoa, mara amepunguza kiasi akidhani tatizo ni ukubwa wa fedha. Kengele ya vikwazo ililia mara sita. Kisha mfumo wa pili, ule wa kuzuia utakatishaji, ambao umefundishwa kushuku watu wanaogawanya kiasi na kurudiarudia miamala, nao ukalia. Kosa letu katika swali la nani lilikuwa limetengeneza ushahidi wa uongo katika swali la nini, na mtu huyo akabaki na alama mbaya kwenye kumbukumbu zetu kwa miezi mingi bila kujua.

Umoja wa Ulaya ulilitazama tatizo hili na kufanya jambo ambalo kwa kanuni za malipo ni la ujasiri. Kifungu cha 5d, kilichoongezwa na ile kanuni ya 2024, kinawataka watoa huduma za malipo kuwachuja wateja wao wenyewe, yaani kuyalinganisha majina yao na orodha za vikwazo, angalau mara moja kila siku, na pia papo hapo baada ya hatua mpya za vikwazo kuanza kutumika. Kisha kinasema kwamba wakati wa kutekeleza malipo ya papo kwa papo, mtoa huduma wa mlipaji na wa mlipwaji hawatawachuja tena wahusika dhidi ya orodha hizo. Mantiki yake ni rahisi: ikiwa kila taasisi inawajua wateja wake na imewachuja leo asubuhi, na malipo hayawezi kuanza wala kuishia nje ya taasisi hizo, basi pande zote mbili za malipo zimekwisha kuchujwa, na kuchuja mara ya pili katikati ya safari kunaongeza kengele za bure tu. Atakayekiuka anaweza kukabiliwa na faini ambayo kiwango chake cha juu hakipaswi kuwa chini ya asilimia 10 ya mauzo halisi ya mwaka kwa taasisi. Benki za eneo la euro zilitakiwa kuwa tayari kupokea malipo haya kufikia tarehe 9 Januari 2025, na kuyatuma kufikia tarehe 9 Oktoba 2025.

Wapo waliokisoma kifungu hicho kwa haraka wakadhani kwamba uchunguzi wote umeondolewa. Sivyo. Kinahusu orodha za Umoja wa Ulaya za watu na makampuni ambayo mali zao zimezuiwa. Hakisemi kwamba vikwazo vya sekta, kwa mfano marufuku ya kugharamia bidhaa fulani, vimesahauliwa. Hakifuti wajibu unaotokana na orodha za nchi moja moja, wala za nje ya Umoja huo. Na hakigusi hata kidogo wajibu wa kufuatilia miamala ili kugundua fedha haramu. Nimekaa katika vikao ambamo mtaalamu wa teknolojia alikuwa tayari kuzima kila kitu kwa furaha, na wakili akataka kuacha kila kitu kama kilivyokuwa kwa hofu, na wote wawili walikuwa wanakinukuu kifungu kilekile.

Marekani ilichagua njia nyingine. Mwongozo wa OFAC wa Septemba 2022 kuhusu mifumo ya malipo ya papo kwa papo haukuweka marufuku wala idadi ya sekunde; unaitaka kila taasisi ipime hatari yake yenyewe, ukikiri kwamba mfumo wa ndani ya nchi, ambamo benki zote zinawachuja wateja wao mara kwa mara, una hatari ndogo kuliko ule unaovuka mipaka. Jambo ninalolipenda zaidi katika mwongozo huo ni wito wake kwa wanaobuni mifumo kuweka mlango wa pembeni, yaani uwezo wa kuyatoa malipo machache yenye shaka kwenye mkondo wa haraka ili yachunguzwe. FedNow ina mlango wa aina hiyo: taasisi inayopokea inaweza kujibu kwamba imeyakubali malipo lakini haijaziingiza fedha kwenye akaunti ya mteja. Yaani yamelala, kwa lugha yetu ya zamani, ila sasa aliyetuma anaambiwa kwamba yamelala.

Mlango huo una umuhimu ambao watu wa nje hawauoni upesi. Sheria ya vikwazo mara nyingi haikuruhusu kuzirudisha fedha za mtu aliyetajwa. Inakutaka uzizuie, zibaki ulipo, na utoe taarifa kwa mamlaka. Mfumo wa papo kwa papo, kwa maumbile yake, unajua majibu mawili: nakubali au nakataa. Ukikataa, fedha zinarudi zilikotoka, na huenda kule zilikotoka ndiko kusikotakiwa kuwa na fedha. Kwa hiyo taasisi iliyojengewa mfumo wa kukataa kila kengele inaweza kuwa inavunja sheria kila mara inapodhani inaitii. Nilipolitaja jambo hili mara ya kwanza katika kikao, niliambiwa kwamba hilo ni suala la nadharia. Jibu langu lilikuwa kwamba wajibu wa kuzuia umeandikwa waziwazi katika sheria, na kilicho cha nadharia ni matumaini kwamba hatutawahi kumpata mtu halisi.

Tukikubali kwamba swali la nani lijibiwe kabla ya malipo, mzigo wote unahamia kwenye mambo mawili ambayo hayapendezi kwenye hotuba: ubora wa taarifa za mteja, na ubichi wa orodha. Mteja asiye na tarehe ya kuzaliwa kwenye kumbukumbu zetu ni kengele ya bure inayosubiri kulia. Kampuni tusiyowajua wamiliki manufaa wake, yaani watu halisi walio nyuma yake, ni mbaya zaidi, kwa sababu haitalia kabisa. Kwa Marekani, kampuni inayomilikiwa kwa asilimia 50 au zaidi na watu waliotajwa inahesabiwa kuwa imezuiwa hata kama jina lake halimo katika orodha yoyote, na hisa za watu hao hujumlishwa; Umoja wa Ulaya hutazama umiliki wa asilimia 50 au zaidi, Uingereza wa zaidi ya asilimia 50, na pande zote mbili hutazama pia nani mwenye udhibiti. Hakuna njia ya kulinganisha herufi itakayokuonyesha jambo hilo. Linajulikana kwa kuuliza wakati akaunti inafunguliwa, kudai nyaraka, na kuuliza tena hali inapobadilika, kazi ambayo hufanyika mchana, taratibu, na mtu mwenye subira.

Kuhusu ubichi wa orodha, nitasimulia kisa cha mahali nilipofanya kazi zamani. Muuzaji wa orodha alibadilisha mpangilio wa faili lake siku ya Ijumaa jioni. Mfumo wetu ulilipokea faili, ukashindwa kulisoma, ukalitupa kando na kuendelea kutumia orodha ya siku iliyotangulia. Kwenye skrini ya usimamizi kulikuwa na taa ya kijani, kwa sababu taa hiyo ilikuwa imeunganishwa na swali "je, faili limefika?" na faili kweli lilikuwa limefika. Tuligundua Jumatatu mchana, tena kwa bahati, mwenzetu alipotafuta jina alilolisoma kwenye tangazo rasmi na kuambiwa kwamba halipo. Malipo ya siku tatu, usiku na mchana, yalikuwa yamepita dhidi ya orodha iliyochacha. Tuliwachuja wateja wote upya, na hakuna aliyepatikana. Sikuona sababu ya kujipongeza. Tulikuwa tumekosea bila kuadhibiwa.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Oktoba 2024 mamlaka ya huduma za fedha ya Uingereza, FCA, iliitoza Starling Bank faini ya takriban pauni milioni 29. Miongoni mwa mambo yaliyobainika ni kwamba mfumo wake wa kuchuja wateja, tangu 2017, ulikuwa unawalinganisha na sehemu tu ya orodha kamili ya watu waliowekewa vikwazo, na benki yenyewe ililitambua hilo Januari 2023. Kwa karibu miaka sita mashine ilikuwa inafanya kazi, ikitoa majibu, na majibu yenyewe yalikuwa kimya. Katika kazi yetu ukimya una sura mbili, na huwezi kuzitofautisha kwa kuutazama.

Sasa swali la nini. Anayetakatisha fedha hayumo kwenye orodha yoyote. Akiwamo, hangeweza kufungua akaunti. Mara nyingi anatumia akaunti ya mtu mwingine, mwanafunzi au mtu asiye na kazi, aliyekubali kupokea fedha na kuzipitisha kwa malipo kidogo. Watu wa upelelezi huwaita punda, neno lilelile linalotumika kwa wanaobebeshwa dawa za kulevya. Fedha zilizoibwa kwa ulaghai huingia kwenye akaunti ya punda wa kwanza, zinagawanywa kwa watatu, wale watatu wanazigawanya tena, na mwisho zinatoka kama fedha taslimu au sarafu za kidijitali. Zamani mnyororo wa hatua nne ulichukua siku kadhaa, na mahali fulani katikati yake kulikuwa na usiku ambao polisi au benki wangeweza kuutumia. Katika mfumo wa papo kwa papo mnyororo mzima unaweza kukamilika kabla aliyeibiwa hajamaliza kueleza kisa chake kwa mhudumu wa simu.

Ukiutazama muamala mmoja wa mnyororo huo ndani ya sekunde zake kumi, hauna kosa. Kiasi ni cha wastani, majina ni ya kawaida, akaunti zote mbili zimefunguliwa kihalali. Kosa limo katika umbo la miamala yote ikitazamwa pamoja: akaunti iliyokaa kimya miezi mitatu, ghafla inapokea kutoka kwa watu tisa wasiofahamiana na kubaki karibu tupu kila jioni. Ndiyo maana nasema kwamba swali la nini hujibiwa baada ya malipo, kwa kuitazama akaunti, na kwamba jibu likipatikana ndipo sekunde kumi zinapopata maana: akaunti iliyokwisha kutambuliwa jana kuwa ya punda inaweza kuzuiwa leo papo hapo, kwa sababu uamuzi ulikwisha kufanywa na mtu aliyepata muda wa kufikiri. Mfumo wa wakati wa malipo unapaswa kuwa mtekelezaji wa maamuzi yaliyokwisha kufanyika, pamoja na kanuni chache sana za dharura. Nimeona taasisi zikiujaza kanuni mia mbili na kushangaa kwa nini unachelewa.

Sheria zimeanza kurudisha muda kidogo pale unapohitajika. Brazili, tangu Novemba 2021, inairuhusu taasisi inayopokea malipo ya Pix kuzizuia fedha hadi saa 72 inaposhuku ulaghai. Uingereza, tangu mwishoni mwa Oktoba 2024, imewaruhusu watoa huduma kuchelewesha malipo yanayotoka kwa hadi saa 72 zaidi kukiwa na sababu za msingi za kushuku ulaghai. Na tangu tarehe 7 Oktoba 2024, huko Uingereza aliyelaghaiwa akatuma fedha mwenyewe anapaswa kurudishiwa, kwa kikomo cha pauni 85,000, huku taasisi iliyotuma na iliyopokea zikigawana gharama nusu kwa nusu. Kwa maoni yangu hatua hii ya mwisho imefanya zaidi kuliko miongozo kumi. Kabla yake, taasisi iliyompokea punda haikuwa na hasara yoyote. Fedha ziliingia, zikatoka, na kilio kilikuwa cha benki nyingine. Sasa punda wake ana bei.

Kuna ugumu mmoja ambao sijaona taasisi yoyote ikiutatua vizuri. Tunapomshuku mteja, sheria inatutaka tupeleke taarifa ya muamala wenye shaka kwa kitengo cha serikali cha taarifa za fedha, na inatukataza kumdokezea mteja kwamba tumefanya hivyo. Lakini malipo ya papo kwa papo yanayosimama ni kidokezo chenyewe. Mtu aliyeahidiwa sekunde kumi, akiona dakika tano zimepita, anajua kuna jambo. Kama ni mwema ataudhika, na kama si mwema atazikimbiza fedha zake zilizobaki kwingine. Tuliwaandikia wahudumu wa simu sentensi moja, kwamba malipo yanapitia ukaguzi wa kawaida wa usalama, na tukaamua kwamba sentensi hiyohiyo itumike kwa kila ucheleweshaji, uwe umetokana na hitilafu ya mtambo, jina linalofanana, au shaka halisi. Wahudumu hawaipendi kwa sababu wateja wamekwisha kuizoea. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo.

Nikirudi kwenye swali la nani, zana iliyonifurahisha zaidi siku hizi haikutengenezwa kwa ajili ya vikwazo kabisa. Ni uthibitisho wa jina la mlipwaji, ambao katika eneo la euro umekuwa wajibu tangu tarehe 9 Oktoba 2025: kabla mlipaji hajaidhinisha, anaonyeshwa kama jina aliloandika linalingana na mwenye akaunti. Lengo lake ni ulaghai na makosa ya kuandika, na hufanyika kabla saa ya sekunde kumi haijaanza kuhesabu. Lakini wazo hilo likipelekwa kwenye malipo yanayovuka mipaka, kama yale yanayounganisha PayNow ya Singapore na PromptPay ya Thailand tangu Aprili 2021, au PayNow na UPI ya India tangu Februari 2023, faida yake inakuwa kubwa zaidi. Huko orodha za pande mbili hazifanani, na taasisi moja haiwezi kutegemea kwamba nyingine imechuja kwa macho yake. Jina kamili la mpokeaji, kama lilivyosajiliwa na benki yake badala ya lile la utani alilolihifadhi mlipaji kwenye simu, likipatikana kabla ya idhini, linampa anayetuma nafasi ya kuuliza swali la nani wakati bado kuna mtu wa kumjibu.

Mahali ninapofanya kazi sasa tumeongeza zoezi dogo ambalo chanzo chake ni ile Ijumaa. Kila asubuhi, na kila mara orodha inapobadilishwa, mtu wa zamu huchagua jina moja kati ya yaliyoongezwa mwisho, hulikosea herufi moja kwa makusudi, na kulipitisha kwenye mfumo kama mteja wa majaribio. Likikamatwa, anaandika saa na jina lake kwenye daftari, daftari la karatasi. Lisipokamatwa, ana mamlaka ya kusimamisha malipo yote yanayotoka bila kumwomba mtu ruhusa, hata kama ni saa tisa za usiku. Mamlaka hayo yametumika mara moja tu mpaka sasa, na aliyeyatumia alikuwa na wiki tatu kazini.